Shajara ya mradi: kyubu ya kijiwe cha Sinza na zile kadi Tisa

Februari, mwisho wa mwezi

Naanza kuweka maendeleo ya mradi hapa kwasababu washkaji kila Jumamosi wananiuliza umefikia wapi na kila Jumamosi natoa jibu jipya. Natengeneza kyubu ya Magic: The Gathering ya kijiwe chetu, Sinza, pale nje kwa shemeji. Kwa ambaye hajawahi kuisikia, kyubu ni boksi la kadi ulizozichagua mwenyewe moja moja, hamna kadi inayojirudia, watu wakifika mnazichanganya mnagawa vipakiti vya kadi 15, unachagua moja zilizobaki unampasia wa pembeni, nae anachagua anapasia, mpaka ziishe, afu kila mtu anajenga deki yake palepale mnaanza kupigana. Hamna cha kununua pakiti wala nani ana hela kumzidi nani.

Nimepanga kadi 360. Hesabu yake ni rahisi, watu 8 mara pakiti 3 mara kadi 15. Sisi kujaa nane mpaka iwe sikukuu, ila tukiwa wanne nusu ya boksi inabaki imelala na hamna anaejua ni nusu gani, kwahiyo gemu haizoeleki.

Kadi za kawaida zipo. Nyingine jamaa alirudi nazo kutoka masomoni, nyingine tulichangishana tukaagiza mzigo wa jumla, zile ambazo kwenye karata ungeziita magarasa lakini kwenye kyubu zina kazi yake. Shida ni zile Tisa.

Zile Tisa wenyewe wanaziita Power Nine: Black Lotus, Mox tano (Pearl, Sapphire, Jet, Ruby na Emerald), Ancestral Recall, Time Walk na Timetwister. Zote zilitoka na toleo la kwanza kabisa, Alpha, Agosti 1993, gemu ameitunga Richard Garfield na kampuni ni Wizards of the Coast, uchapaji ukafanyika Ubelgiji kwa Carta Mundi. Alpha kila kadi adimu ilichapwa nakala kama 1,100 tu. Ikaja Beta, kama 3,300. Disemba 1993 ikaja Unlimited, kama 18,500. Toleo lililofuata, Revised la 1994, Tisa zote zikaachwa nje na mpaka leo hazijarudi kwenye toleo lolote la kuchezea mashindano, maana 1996 kampuni ilitangaza orodha ya kadi ambazo iliahidi haitazichapa tena, Reserved List, na hizi zimo.

Kwahiyo hesabu ya dunia nzima imefungwa tangu niko mdogo. Mwaka 2021 Black Lotus moja ya Alpha, gredi ya juu (yaani wakaguzi wameipima wakaona haina kasoro), kasha lake limesainiwa na mchoraji Christopher Rush aliyefariki 2016, ilipigwa mnada ikafika dola 511,100. Mwaka 2024 ikaripotiwa nyingine imeuzwa dola milioni 3. Piga kwa shilingi, ni zaidi ya bilioni 7. Kwa kadi moja. Ya milimita 63 kwa 88.

Sisi tutatengeneza proksi, yaani nakala za kuchapa wenyewe.

Machi, kabla ya mvua

Kuna mshkaji wa Tabata kaniuliza kwanini nihangaike na Tisa, si niziache tu, kyubu kibao duniani hazina na zinachezeka. Nikamwambia mimi nataka tuone kwa macho kitu ambacho watu wanakiongelea kwa miaka 30, na pia nataka kujua kama hizi kadi ni kali kweli au ni bei ndo inazifanya zionekane kali. Hayo ni maswali mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya.

Ngoja niweke ukali wenyewe kwa lugha ya kijiwe. Kwenye Magic kila zamu unaruhusiwa kuweka ardhi moja mezani, na ardhi moja inakupa mana moja kila zamu, mana ndo unayolipia kila kitu, na ina rangi tano kama zilivyo kadi. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, ya tatu 3, wote mnapanda ngazi sawa. Black Lotus ni bure, unaiweka, unaitoa kafara, inakupa mana 3 za rangi moja unayotaka. Maana yake zamu ya kwanza una mana 4 wakati mwenzio ana 1. Mox nazo ni bure, kila moja inatoa mana 1 ya rangi yake, ila yenyewe haifi, inakaa mezani kila zamu inakulipa, ni kama umeweka ardhi ya ziada ambayo sheria haikuhesabii. Ancestral Recall unalipa mana 1 unachota kadi 3. Time Walk unalipa 2 unapata zamu nyingine juu ya hiyo uliyomaliza. Timetwister unalipa 3, wote mnarudisha mkono na kaburi (rundo la kadi zilizokwishatumika) kwenye deki, mnachanganya, kila mtu anachota 7.

Ancestral ndo inanichekeshaga zaidi ya zote. Ilikua ni familia ya kadi tano, kila rangi moja, wazo ni lilelile: lipa mana 1 upate kitu mara 3. Nyeupe, Healing Salve, unaongeza uhai 3. Nyekundu, Lightning Bolt, unapiga 3. Kijani, Giant Growth, kiumbe kinapata +3/+3 (namba ya kwanza ni kipigo chake, ya pili ni kipigo anachohimili). Nyeusi, Dark Ritual, mana 3. Bluu, kadi 3. Kwenye karatasi zimekaa kindugu kabisa, afu ukizicheza unakuta Healing Salve hamna anaeitaka hata bure na Ancestral imepigwa marufuku karibu kila mahali. Kati ya hizo tano ni Ancestral peke yake waliyoifanya adimu kwahiyo hata wao walishanusa.

Na hapo ndo palipo na wazo la Garfield la mwanzo, ambalo mi nalipenda hata kama halikufanya kazi. Alifikiria mtu atanunua deki moja na vipakiti vichache basi, kwahiyo mtaa mzima labda utakua na Lotus moja, na ikitokea kwa huyu leo ni bahati yake. Uadimu ndo ungekua breki. Hakujua watu watanunua maboksi kwa maboksi. Na sheria za mwanzo hazikua na kikomo cha nakala, mtu alikua anaweza kujaza deki Lotus atakavyo, mpaka 1994 mashindano yalipoanza kuwekewa orodha ya vizuizi na kikomo cha nakala 4. Leo kuna mitindo tofauti ya kucheza, kila mmoja na orodha yake: kwenye Vintage kila moja ya Tisa unaruhusiwa nakala moja tu, Legacy hazikanyagi kabisa, na kwenye Commander zote zimefungiwa kasoro Timetwister.

Sasa angalia kyubu. Kadi moja moja, hazijirudii, hakuna wa kwenda kununua nyingine. Mtaa mzima una Lotus moja. Ni wazo lake lilelile, ila safari hii mwenye hela hana pa kupenya.

Machi, mvua imeanza

Kwenda kuchapa. A4 inaingia kadi 9, tatu kwa tatu, inabaki nafasi pembeni ya mkasi, yaani Tisa zote zinaenea karatasi moja, nilivyoona hivyo nikajua huu mradi umebarikiwa. Picha nimezipanga 300 dpi, kila kadi inakua pikseli 744 kwa 1039, chini ya hapo maandishi madogo yanakua ukungu.

Nimezunguka Kariakoo steshenari nyingi, wengi wana printa za kawaida za ofisini, karatasi nzito inakwama. Mwisho nikaelekezwa kwa wanaotengeneza kadi za harusi, ghorofani, mashine ya maana, na wana art card ya gramu 300 ya kumwaga. Dada wa kompyuta kafungua faili, kaiangalia Black Lotus, lile ua jeusi limechanua, akaniuliza:

"Kaka hii ni kitchen party au send-off?"

"Hapana dada, ni kadi za gemu."

"Mbona hujaweka ukumbi wala tarehe?"

"Dada ni karata. Za kuchezea."

Akaita mwenzie wa mashine ya kukatia aje aone. Wakaamini mwishoni nilipowaonyesha kadi halisi mfukoni, na hapo yule wa kukata ndo akawa serious, akaipima na rula yake, akaipindapinda (roho iliniruka), akasema hii sio karatasi moja hii, ni mbili zimegundishwa na kuna kitu katikati. Yuko sahihi kabisa, kadi halisi ina gundi ya bluu katikati, ndo inayozuia mwanga usipite ovyo na ndo inayoifanya irudi ukiipinda. Fundi wa kadi za harusi kaijua kwa vidole tu. Heshima.

Bei ya karatasi moja ya rangi ni kama chips mayai. Kona amenikatia na kile kipigo cha kona za vitambulisho, imetoka duara safi. Kona za Alpha zenyewe ni za duara zaidi kuliko Beta na zote zilizofuata, kwahiyo zetu kidogo zimeegemea Alpha, sikulalamika.

Nimekataa kuchapa mgongo halisi wa Magic. Mgongo wetu ni rangi moja na maandishi makubwa YA KUCHEZEA TU. Kampuni yenyewe 2016 ilisema kadi za majaribio za mtu binafsi, sio za biashara, haina shida nazo, mradi usiende nazo kwenye mashindano rasmi. Mashindano rasmi yenyewe Sinza hayapo, lakini kitu kiwe wazi. Shemeji alipoona mgongo akasema umekaa kama tangazo la kiwanja, akashauri tuweke jina kama la kanga, "Sina siri nina jibu". Kura ikapigwa, ikapita. Anaecheza bluu, rangi ya kuzuia kadi za mwenzio, anafurahi kuliko wote.

Machi, mvua bado

Tatizo lililokuja ni zito kidogo na nalielezea kwa kirefu sababu naona wengi wanaotengeneza proksi hawalifikirii. Kadi zenye nguvu zikiwa ni proksi na nyingine zote ni halisi, je ukichanganya deki unazisikia kwa vidole? Ukizisikia gemu imekufa, maana mtu anakata karata anajua Lotus iko wapi.

Njia ya kwanza watu wanayoifanya ni kuchapa karatasi nyepesi unaichomeka mbele ya kadi halisi ya bei rahisi ndani ya slivu (vile vifuko vya plastiki vya kuvalisha kadi). Inapendeza. Ila inakua nene kuliko wenzake. Kijiweni kuna mzee wetu, fundi cherehani, amecheza arbastini tangu sijazaliwa na watu hawampi agawe bila kumwangalia mikono. Nikampa deki ya kadi 40 zina slivu, mbili ndani yake ni hizo za kuchomeka, nikamwambia mzee funga macho. Kazitoa zote mbili hata dakika haijaisha. "Mwanangu hizi zimevaa makoti mawili."

Njia ya pili ndo ile art card ya gramu 300 peke yake ndani ya slivu yenye mgongo mweusi. Hapo mzee alipapasa, akapapasa, akatoa kadi ambayo ni halisi. Akarudia akatoa nyingine halisi. Akakasirika kidogo, akaomba chai. Tumepita.

Ila sasa mvua. Nyumba zetu Dar mwezi huu hata chumvi inalowa kwenye kopo, na kadi ni karatasi. Kuna karatasi moja ya majaribio nilikua nimeipiga lamineshen upande wa mbele ili ing'ae, zile zote zimejikunja, ukiziweka mezani zinabembea. Sababu yake ni kwamba plastiki imeziba upande mmoja, upande wa pili unakunywa unyevu unatanuka, kwahiyo kadi inajikunja kuelekea upande usiotanuka. Hata kadi halisi zile za kung'aa zinafanya hivyohivyo na ni malalamiko ya dunia nzima, sio sisi tu. Basi lamineshen imefutwa. Boksi nimeweka vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuaga kwenye viatu vipya, muuza viatu wa Kariakoo kanipa bure kiganja kizima akashangaa nachukua takataka zake.

Aprili

Usiku wa kwanza wa majaribio. Watu sita. Umeme ulikatika katikati tukamalizia na taa ya bajaji.

Nilichokiona, na hiki sikukisoma popote: watu waliokulia kwenye arbastini wanaishika Black Lotus kama turufu. Wanaificha. Wanasubiri. Jamaa kaipata Lotus pakiti ya kwanza, wote tumemuona alivyobadilika sura, afu gemu nzima kakaa nayo mkononi anasubiri "muda wake", amekufa nayo. Lotus muda wake ni zamu ya kwanza. Kadri gemu inavyoenda inapungua thamani, zamu ya 8 una ardhi zako za kutosha, mana 3 za mara moja ni nini? Turufu inakua tamu mwisho, Lotus inaoza mwisho. Mox ndo kabisa, ukiichota zamu ya 10 unatamani ingekua kitu chochote kingine.

Mzee cherehani yeye hakuhangaika na Lotus, alisomewa Ancestral Recall akauliza mara mbili, "Natoa moja nachukua tatu? Na yeye hachukui?" Akacheka peke yake. Tangu hapo akiiona kwenye pakiti haipasii, hata kama hachezi bluu, anaichukua tu mwingine asiipate. Ndo mchezaji mwenye akili kuliko wote pale na hajui Kiingereza cha kwenye kadi, tunamsomea.

Time Walk ilifanya watu wagombane. Sio kwamba inashinda peke yake, yenyewe ukiitumia vibaya ni kama umelipa mana 2 kuchota kadi moja na kuweka ardhi moja. Tatizo ni kisaikolojia, mtu anasubiri zamu yake, amepanga kila kitu, unamwambia subiri tena. Dogo mmoja alisimama.

Timetwister hamna aliyeitaka. Ilizunguka meza mpaka ikawa ya mwisho kwenye pakiti.

Na nimeondoa Channel. Ilibidi. Kwa wasiojua ile hesabu ya zamani: zamu ya kwanza weka mlima, unatoa mana nyekundu 1. Weka Lotus, toa kijani 3. Mbili zinalipia Channel, kadi ambayo inakuruhusu kugeuza uhai wako kua mana, moja kwa moja. Uhai wako ni 20, toa 19, umebaki na 1, una mana 19. Fireball inataka nyekundu 1 ya mlima, halafu kila mana unayoongeza ni kipigo kimoja: 19 jumlisha ile kijani iliyobaki, 20. Mpinzani ana uhai 20. Kwaheri, hajagusa kadi. Ilitokea kweli, meza ya pembeni, yule aliyepigwa alikua ametoka Mbezi kwa mwendokasi, kasimama njia nzima, gemu imeisha hajakaa vizuri. Kitu cha hivyo unakicheka siku moja, ukikiacha kwenye boksi watu hawarudi.

Aprili, wiki hiyohiyo

Kuna jamaa ana duka la vifaa vya simu kasikia habari, kaja na wazo: tuchape nyingi, na mgongo halisi, tupeleke mtandaoni, wazungu watanunua. Nimemkatalia na nimemueleza kwanini hata kwa hesabu za kibiashara ni upuuzi. Anaenunua Mox hanunui kwa macho. Anaweka taa nyuma ya kadi anaangalia mwanga unavyopita kwenye ile gundi ya katikati. Anachukua lenzi ya kukuza anaangalia lile duara la kijani mgongoni, kadi nyingi halisi zina vidoti vyekundu vinne vidogo vimejipanga kama herufi L. Anaangalia maandishi meusi kama yamechapwa mkupuo mmoja au ni rangi zimechanganywa kwa madoa, printa yetu ya harusi inatoa madoa. Afu ni utapeli, kwa lugha ya kawaida. Jamaa akaniambia mi mtu wa dini sana. Haya.

Ila lilinipa kitu cha kufikiria kuhusu bei. Hata kampuni yenyewe ilishajaribu kuuza ndoto ya hizi kadi: 2022, miaka 30 ya gemu, walitoa toleo la kumbukumbu, pakiti nne za kadi 15 kwa dola 999, Lotus inaweza kuwemo au isiwemo, na mgongo wake ni tofauti kwahiyo kwenye mashindano haziingii. Yaani ni proksi kama zangu, tofauti ni kwamba mimi nimelipia ya kwangu bei ya chips mayai na nimezipata zote tisa bila bahati nasibu. Watu walipiga kelele sana na mi naona walikua na haki.

Mei mwanzoni

Sasa jibu la swali la mshkaji wa Tabata, tumecheza vya kutosha kulijibu.

Kali ndio, ni kali. Lakini bei haifuati ukali, inafuata ile ahadi ya 1996. Ushahidi wangu ni Sol Ring. Ilitoka Alpha hiyohiyo 1993, unalipa mana 1, na kuanzia hapo inakupa mana 2 kila zamu mpaka mwisho wa gemu. Kwenye kyubu yetu Sol Ring imeua watu wengi kuliko Mox yoyote, sasa hivi ikitokea kwenye pakiti wazoefu wanaichukua kabla ya Mox na mi nakubaliana nao. Lakini yenyewe haimo kwenye ile orodha, na tangu 2011 inawekwa karibu kila deki ya Commander inayouzwa dukani, kwahiyo Sol Ring halisi ni dola chache. Tunayo halisi kwenye boksi, imekaa na proksi za mabilioni na ndo inawanyanyasa.

Upande wa pili kuna kadi za bei kali ambazo mezani hazina lolote. Kwenye Pokémon ile Pikachu Illustrator, walipewa washindi wa mashindano ya uchoraji Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, Logan Paul aliinunua yenye gredi ya juu kwa thamani ya dola milioni 5.275, hiyo mezani haina kazi yoyote ya maana. Ni adimu, basi. Na Shivan Dragon, lile joka jekundu la 5/5 linaloruka, 1993 ndo kadi ambayo kila mtoto aliitamani, na adimu ilikua kweli. Nimeiweka kwenye kyubu kwa heshima. Mana 6. Kabla hujafika huko mwenye Sol Ring ameshakuzika.

Na kuna Contract from Below, mana 1 nyeusi, unatupa mkono unachota kadi 7. Saba! Ukali wake naona unazidi hata Ancestral, lakini iliandikwa kwa ajili ya ile sheria ya zamani ya kuwekeana kadi dau, anaeshinda anaondoka nayo, na sheria hiyo imefutwa kwahiyo kadi imefungiwa kila mahali na bei yake haikaribii ya Ancestral. Mzee cherehani alivyosikia kulikua na dau akataka turudishe. Shemeji akasema sio kwake.

Kilichobadilisha kyubu kabisa ni sokwe. Gorilla Shaman, toleo la Alliances la 1996, kadi ya kawaida kabisa, sio adimu, kiumbe cha mana 1, 1/1, yaani mwili wa mende. Ila ukilipa unavunja kifaa chochote kisicho kiumbe (Mox, Lotus na Sol Ring zote ni vifaa), na malipo yanapanda kulingana na bei ya hicho kifaa, na kwasababu bei ya Mox ni sifuri kuivunja ni mana 1 tu. Kwa sifa hiyo wazoefu wa nje wamempa jina la utani, nyani wa Mox. Lotus akiiona imekaa mezani anaila pia kwa bei hiyohiyo, japo mwenye akili ataitoa kafara kwanza. Nilimwingiza mimi kimyakimya bila kutangaza. Jumamosi hiyo yule dogo aliyesimamaga kwa ajili ya Time Walk alikua na Mox mbili na Sol Ring zamu ya pili, anaimba, mpinzani akaweka sokwe. Mox ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Sol Ring ina bei ya 1 kwahiyo ilibidi alipe mana 3, akasubiri zamu, nayo ikaenda. Dogo hakuimba tena.

Tangu hapo nimeacha kupunguza zile Tisa na badala yake nimeongeza majibu. Disenchant ya kuvunja vifaa, Null Rod ya 1997 ambayo ikikaa mezani vifaa vyote vinakua pambo, Force of Will ambayo mtu wa bluu anaweza kukuzuia hata hana mana hata moja, analipa kwa kadi nyingine ya bluu na uhai 1. Hii ni muhimu sana Lotus ikiwepo kwenye gemu, maana ukishambuliwa zamu ya kwanza huna cha kulipia kitu kingine. Nimetoa viumbe wakubwa wa mana 7 na kuendelea, karibu wote.

Mei, katikati

Hali ya sasa. Boksi lina 360 kamili. Proksi zimekua zaidi ya zile Tisa, maana Null Rod na nyingine za Reserved List nazo bei zake hazishikiki, zote nimezichapa kwa fundi yuleyule na gramu zilezile ili mzee asitupate. Sheria mpya ya kijiwe ni kwamba anaegawa hakati, na mzee hagawi.

Timetwister bado nailinda japo wananipigia kelele niitoe. Sababu yangu ni kwamba kwa sasa hamna deki ndani ya kyubu inayomaliza mkono haraka, na Timetwister inamlipa yule aliyetupa kadi zake zote mezani mapema wakati mwenzie bado kashika sita, wote mnapata 7 ila yeye ndo ameruka kutoka sifuri. Nikiongeza vifaa vya bei ndogo na viumbe vya mana 1 vyekundu itaanza kuonekana. Nawapa mpaka Sabasaba, ikibaki inazunguka meza bila mwenyewe naitoa naweka Wheel of Fortune, ambayo inafanya kazi karibu ileile kwa nyekundu, ina bei yake kubwa nayo huko nje, na kwetu ni nafasi moja tu kwenye A4.

Washkaji wa Tabata wanataka kuazima boksi. Boksi halitoki Sinza. Faili nawapa leo usiku, wakachape la kwao, na namba ya yule dada wa kadi za harusi nimeshawatumia, wamwambie tu mapema kwamba hamna ukumbi.